Dole la Mzee Amur

Dole la mzee Amur lilikwishapakwa wino, lakini halikushuka kwenye karatasi. Lilining'inia juu ya meza ya Mhandisi Awadh, ofisini Ghubra, kama la mtu anayepima upepo.

"Mwambie alishushe, wino utamkaukia," Awadh alimwambia msaidizi wake, Nasr, kwa Kiswahili. Wote wawili ni wazaliwa wa Unguja, na mbele ya wateja wao Waarabu Kiswahili kilikuwa chumba chao cha siri. Hawakuwa na haja ya kufunga mlango.

"Anangoja watu wake waridhie," alisema Nasr.

Awadh alishusha pumzi. Miezi mitatu mizima amewapandishia watu hawa dishi la satelaiti mpaka kijijini kwao mlimani, ambako hata punda hufika kwa dua, na bado wana masharti! Kwanza mkataba usomwe kijiji kizima kikisikia, kama desturi yao. Haya, asubuhi ile ameusoma kwa Kiarabu mbele ya kompyuta, na kule juu wamekusanyika wanasikiliza. Sasa kuna hili la sauti. Wamewarekodi wazee wao kwenye kompyuta aliyowafungia huko kijijini: nasaba, zamu za maji ya falaj, mfereji unaonywesha mashamba yao, na nyimbo za harusi ambazo wanawake huziimba peke yao, mlango umefungwa. Hawataki sauti hizo zitoke kijijini. Bila ahadi hiyo, hakuna dole.

Wachunga mbuzi, nao wana siri!

Alimgeukia mzee, akaingia kwenye Kiarabu na tabasamu lake. "Wallahi, baba yangu Amur, hakuna kitakachotoka mlimani."

"Na neno la siri?"

"Mtakuwa nalo nyinyi tu."

"Basi atalishika dada yangu, Sayyida," alisema mzee. "Yeye ana akili za mambo haya. Amekulia mbali."

Awadh alimkonyezea Nasr, akarudi kwenye Kiswahili. "Mbali! Kwao hawa, mbali ni Nizwa, hapo chini ya mlima."

Nasr alicheka mpaka akajifuta macho. "Na ile kompyuta ya pili, tumwambie?"

"Umwambie ili iwe nini, we Nasr? Kila wanachokiweka kwao kinaingia na kwetu, kwenye bohari letu kule mtaa wa Ghala. Nyimbo za wake zao zishapata mnunuzi. Nnakwambia, hawa ukiwaibia ndevu watakushukuru kwa kuwanyoa."

Mzee Amur aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni asiyejua wenyeji wanacheka nini. Kisha akainama kwenye kompyuta.

"Mmeridhika huko?" aliuliza kwa Kiarabu. "Nitie dole?"

Awadh aliisogeza karatasi chini ya dole la mzee, taratibu, kama anayemsogezea mtoto bakuli la uji.

"Ngoja, Amur," sauti ya mwanamke ilijibu kwa Kiarabu. Halafu mwanamke yule akaendelea kwa Kiswahili cha Tabora, kisicho na haraka wala doa:

"Mwanangu Awadh, huyo mnunuzi anaitwa nani? Sema polepole, naandika."