Shuka Ndani ya Bomba

Mwinshehe aliingiza koleo ndani ya bomba la moshi, akavuta, na kipande cha shuka jekundu kikatoka kikiwa kimeungua nusu.

Majirani waliojaa uani wakaguna.

"Mmeona?" Alikinyanyua juu. "Nani hapa Rudewa anavaa hili?"

Macho yote yalimgeukia Saibulu, mfugaji, aliyesimama peke yake karibu na uzio. Alikuwa ameitwa, akaja kwa miguu yake. Alipoingia aliamkia, "Shikamoo, mzee," na Mwinshehe akatema mate pembeni. Marahaba haikutoka.

Mashine yenyewe ilikuwa chini, juu ya magunia, imefunguliwa kila kiungo. Ilikuwa mashine ndogo ya kukaangia kahawa, ambayo Mwinshehe na mkewe waliitumia nyumbani kukaanga buni iliyotoka milima ya Vidunda. Wiki nzima, tangu moto ulipotokea jikoni, ilifungiwa chumbani kungoja mashahidi. Tangu asubuhi Mwinshehe alikuwa akiisafisha mbele za watu, ili asitokee wa kusema moto uliletwa na uzembe. Alisugua pipa kwa brashi ya waya mpaka utando mweusi wa mafuta ya kahawa ukabanduka. Akawaonyesha beringi zilizopakwa grisi. Akawaonyesha treya inayopokea makapi. Bomba aliliacha mwisho.

"Kila Alhamisi nalisafisha bomba hili," alisema. "Alhamisi ile lilikuwa safi, ukichungulia unaona mbingu. Ijumaa mimi niko msikitini, mke wangu anakaanga. Moshi unakosa njia, unamrudia, makapi yanashika moto..."

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amelazwa hospitalini Mikumi, mikono yote miwili imefungwa bandeji.

"Ni mimi niliyeziba," sauti ilisema.

Watu wakaangua kicheko hata kabla ya kugeuka. Nani mwingine? Deogratias, Mnyamwezi, mtani wa Mwinshehe kwa miaka ishirini. Mwaka jana, sikukuu ya Idi, alimfichia viatu msikitini mpaka akapewa jogoo. Sasa alikuwa amechuchumaa penye magunia, msasa mkononi, akisugua kifuniko cha mashine. Tangu siku ya moto alikuja kila asubuhi kufagia masizi jikoni, bila kuombwa.

"Nyamaza, mpagazi!" Mwinshehe alimkemea. "Babu zako walibeba mizigo ya watu, wewe unataka kubeba na dhambi zao?"

"Yangu inanitosha, Msagara."

Wakacheka tena. Saibulu hakucheka.

"Ng'ombe wangu waliingia kwenye mahindi yako, ni kweli," alisema. "Nilikosa, nikaomba radhi. Lakini jiko la mtu sijaligusa. Hata hicho chombo nakiona leo."

"Mwongo!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Siku ile ya mahindi ulimwambia mtaonana! Tulikusikia!"

"Wote ni hao hao!" mwingine akadakia.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatoa uamuzi: Saibulu apelekwe polisi Kilosa, na kabla jua halijazama boma lake liwe limehama. Ng'ambo ya uzio, Naserian, mke wa Saibulu, alikuwa tayari anafunga vyombo juu ya punda. Vijana watatu wenye mapanga walimsimamia wakimhimiza kwa matusi.

"Shuka hilo nililinunua mnadani Magole," Deogratias alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Nililichana kwa mikono hii. Mbona hamnisikii?"

"Mnyamwezi na lubega begani! Basi vaa tukuone unavyoruka!"

Hata Mwinshehe alicheka, mara ya kwanza tangu mkewe aungue. "Jumapili nilipita, nikakuona umekaa nje ya kanisa kama mbuzi wa mnada. Padri amekufukuza?"

"Sikuwa na uso wa kuingia."

"Uso huo? Hata mimi nisingeufungulia mlango!"

Kicheko kikapanda, kisha kikazimika ghafla. Yared, mgambo wa kijiji, alikuwa ameingia na kamba ya katani.

"Saibulu, lete mikono."

Saibulu hakusogea. Vidole vyake vilikaza juu ya fimbo. Vijana wenye mapanga wakavuka uzio. Mtu akaokota jiwe. Mwinshehe mwenyewe alisimama na koleo mkononi, akasema polepole, "Mfungeni. Asipokubali, mniachie mimi."

Deogratias akatupa msasa chini. Akapita katikati yao, akasimama mbele ya Saibulu, akamnyooshea Yared mikono yote miwili.

"Nifunge mimi."

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. Aliyeokota jiwe aliliachia, akajishika mbavu. Mwinshehe alijifuta machozi kwa kiganja, akajipaka grisi shavuni, watu wakacheka zaidi.

"Haya, babu," Yared alisema, naye akicheka. "Leo utani utakulaza ndani." Akaizungusha kamba mara mbili kwenye mikono ya mzee, ikalegea kama ya kuchezea watoto. Watu wakapiga makofi.

Yared akainama aifungue, amalize mchezo. Vidole vya Deogratias vikamkamata mkono. Kijana akainua uso, akamtazama machoni, na kicheko kikamkatika.

"Kaza, mwanangu," Deogratias alisema. "Nilipoliziba bomba nilitaka mtani wangu akohoe tu."