Aliyepalilia Michikichi

Jumatatu asubuhi mzee Ibrahim alikuta mchikichi wa saba umepaliliwa, na hapo ndipo alipoamua kununua bastola.

Kazi ilikuwa safi. Majani yameng'olewa kuzunguka shina, matawi makavu yamekatwa na kupangwa upande mmoja, na mkungu ulioiva umeangushwa ukaachwa pale pale chini. Ibrahim hakuwa ameajiri mtu. Shamba lile, kusini ya mji wa Rumonge, juu kidogo ya barabara ya kando ya ziwa, alilihudumia peke yake tangu mdogo wake Rachidi alipopotea ziwani na mtumbwi wa baba yao, matanga yakakaliwa bila maiti.

Akamwita mpwa wake Nour, fundi wa moteri za mitumbwi, akamwonyesha. Nour alisema labda ni mashetani wenye huruma, na kama wanapenda kazi hivyo basi mjomba awatume na kwake. Ibrahim hakucheka.

"Mwizi angebeba akaenda," alisema. "Huyu iko anafanya kazi. Mutu hafanye kazi bure kwa shamba ya mwenzake."

Nour akaacha utani. Katika ufuko huu watu wamekimbia, wakarudi, wakakuta wengine ndani ya nyumba zao, na kila mtu anajua jinsi shamba linavyochukuliwa. Anayelitaka huanza kulihudumia kimyakimya. Majirani wakishamzoea, huwaita mashahidi, nao husema ndiyo, huyu tulimwona akipalilia, miti ni yake. Mwenye shamba akibisha, mambo huharibika. Mwaka jana mmoja alikutwa katikati ya miti yake mwenyewe, amekatwa panga. Ibrahim alikuwa kati ya walioosha maiti ile. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Nour alijaribu kumtuliza. Alipendekeza mbwa, mjomba akasema mbwa hulishwa sumu. Alipendekeza polisi, mjomba akasema ameshakwenda mara mbili, wakamwambia alete jina la anayemshitaki. Na kibali cha silaha je? Alikuwa ameomba, akaambiwa asubiri.

"Karatasi itafika nishazikwa," alisema.

Nour ni mtu ambaye hata kuku akichinjwa hugeuza uso. Lakini mzee huyu ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya mama yake kufariki. Kumkatalia kulikuwa ni kumwacha peke yake na mapanga. Basi Alhamisi, alipokwenda kijiji cha wavuvi cha Kabonga kutengeneza moteri, aliulizia silaha huku akiionea aibu sauti yake mwenyewe, akaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye wote pale walimwita Baba Raisa. Kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa nyavu.

Baba Raisa aliitoa bastola chini ya kitanda, imefungwa katika kitambaa. Hakupandisha bei. Alisema anataka tu ya kununulia mbuzi mzuri, kwa sababu kuna mlango anaotaka kuubisha, na mlango ule hauendewi mikono mitupu. Kisha akauliza silaha ni ya nani. Nour akajibu ni ya mjomba wake, mzee anayeishi peke yake, kuna mtu anaitamani ardhi yake.

Mzee aliifunga tena katika kitambaa chake. "Umuambie asifanye haraka," alisema. "Mimi miaka yote hiyo sikuipiga hata mara moja. Mutu akikutokea, unamuita kwanza."

Nour alimpenda mzee yule. Wakapeana namba za simu, wakaagana vizuri.

Ijumaa baada ya swala alimfundisha mjomba wake kulenga. Mara ya kwanza mikono ya Ibrahim ilitetemeka. Mara ya tatu haikutetemeka tena, na hilo ndilo lililomwogopesha Nour. Akamfikishia maneno ya mzee wa Kabonga, kwamba mtu huitwa kwanza.

"Nikimuita, ataniona," Ibrahim alijibu.

Nour alitaka kuichukua irudi ilikotoka. Hakuichukua. Aliona haya kumnyang'anya mtu mzima kitu alichokililia.

Jumamosi, jua likianza kutoka, Nour alikuwa ufukoni chini ya shamba la mjomba, moteri ya mtu imefunguliwa mbele yake, mikono imejaa mafuta. Simu ikalia. Alikuwa Baba Raisa, anahema, lakini kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Alimshukuru kwa ajili ya mbuzi. Ni dume, mnono, amemfunga hapa kwenye mti.

Kisha akaeleza bila kuulizwa. Alisema ujanani alipoteza mtumbwi wa baba yake katika dhoruba, na kwa aibu akavukia Kigoma; hata aliporudi upande huu, aliishia Kabonga, nyumbani hakufika. Sasa amezeeka, anataka kwenda kwa kaka yake. Ila alitaka mikono iombe radhi kabla ya mdomo. Kwa hiyo, wiki tatu hizi, amekuwa akija na wavuvi wanaouza samaki Rumonge, anapanda shambani kwa kaka kabla ya jua, anahudumia mti mmoja, anaondoka. Saba imekwisha, na huu wa nane ndio wa mwisho.

"Leo nabisha hodi," alisema. "Ah, hata sina lazima. Ni yeye huyu anakuja. Ibrahim amezeeka, mutoto wangu, anatembea sawa na baba."

Nour akafungua mdomo amwambie akimbie. Mlio aliusikia mara mbili: kwanza ndani ya simu, halafu mlimani.