Mshindi wa Aprili

Natangaza rasmi kwamba hapa Masisi programu yangu ya kuhesabu alama za mitihani iliishinda programu ya Kayitesi, mwanafunzi mwenzangu. Ushindi huo ulidumu dakika nne.

Mama Prefe, mkuu wa shule yetu ya bweni, alipaswa kuchagua moja. Mshindi angekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta.

Aliitazama yangu kama anayenusa maziwa ya jana. Kisha akafungua matokeo ya Aprili. Ukucha wake wenye chaki ukasimama juu ya jina langu.

"Ya Kayitesi inasema hakuna alama. Yako inasema wewe njo wa kwanza. Mu Aprili vita ilitukimbiza wote. Huo mutihani ulifanyia wapi, mutoto?"

Kayitesi akakohoa.

Nikajibu, "Mama, hata wewe ukifanya mutihani, wa kwanza iko mimi. Njo vile niliiandika."