Neno Lililobaki Kapuni

Siku wanyama walipogawana maneno ya mwanga, desturi ilikuwa moja tu: anayewahi kufika ndiye anayechagua. Tausi aliwahi. Akazoa kung'aa, akazoa kumeta na kumeremeta, akaondoka akitingisha mkia.

Mdudu mmoja mdogo, asiye hata na jina, alifika wa mwisho. Nungunungu, mgawaji, akakung'uta kapu. "Limebaki kumulika, mwanangu. Wenzako wamelikataa. Kazi yake ni kumwangazia mwingine aone, si wewe uonekane."

"Nipe hilo hilo," akasema mdudu, ingawa moyoni alinyong'onyea.

Wiki haikwisha, kinda wa Tausi akatumbukia katika shimo la ngiri. Tausi akakimbilia mlangoni, akachanua mkia wote. "Nitazame, mwanangu! Tazama ninavyong'aa!"

Kinda akazidi kulia. Mkia ulikuwa umeziba mlango, na shimoni ni giza totoro.

Mdudu akapenya katikati ya manyoya, akashuka akimulika, akamkuta kinda amejikunyata pembeni. Akamwongoza kupanda, hatua kwa hatua.

"Baba Tausi," akaita, "kunja mkia!"

Tausi akaukunja. Jua likamiminika shimoni, kinda akatoka mbio, vumbi tupu.

"Asante, Kimulimuli!" akasema, na jina likamganda mdudu hadi leo.

Tausi akainamisha shingo. "Neno lako hilo ulilipata wapi?"

"Kapuni, ulikoliacha," akajibu Kimulimuli. "Lakini usijali. Ulipokunja mkia, nawe umemulika."