Mdogo wa Nyumba

Haya alinisimulia shoga yangu Bi Nakivona juzi, tukichambua choroko barazani kwake.

Siku hizi roboti wa kuchezea hatupwi. Mwili ukichakaa, akili yake huhamishiwa mwili mpya. Tuku wao alikuwa wa bati Nakivona alipokuwa mtoto, akawa wa plastiki kwa binti yake, na sasa ni laini kama mto. Desturi yake haijabadilika: hulala kando ya aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Mchana mmoja, baada ya kula, Tuku alimpita mjukuu, Namkunda, akajilaza mkekani kwa bibi.

"We Tuku! Mdogo ni mimi!" Namkunda alifoka, machozi yakimlenga.

"Nimepima vimo vyenu," Tuku akajibu. "Leo mdogo ni Nakivona."

Bibi akacheka. "Umesikia, mke mwenza? Mume karudi kwangu."

"Kwani umeanza kupungua, Bibi?"

"Kidogo tu. Njoo, mkeka unatutosha."

Namkunda akajibana upande wa pili, akasinzia. Tuku akauliza, kama zamani, "Nikuimbie?"

Nakivona, ambaye hakuwa ameimbiwa tangu meno ya utoto, alisema ndiyo, akalala kabla wimbo haujaisha.