Uvimbe Nyuma ya Sikio

Spesiosa alikuwa uani kwake, mtaa wa Gungu, akimfumua bintiye nywele, vidole vyake vilipogusa uvimbe nyuma ya sikio la kushoto. Ulikuwa laini, wa moto kama kiazi kilichotoka majivuni, na ulikuwa umelisukuma sikio mbele.

Sikio hilo lilikuwa likitoa usaha tangu mvua zilipoanza. Mama mkwe alikuwa akilitia mawese ya uvuguvugu, na usaha ulipokauka juzi, wote walimshukuru Mungu.

"Kapona huyo," mama mkwe alisema, akiendelea kuchambua dagaa. "Kulegea huku ni uchovu tu wa homa."

Spesiosa alimgeuza mtoto wakatazamana.

"Hebu nichekee, mwanangu."

Mtoto alijitahidi kumfurahisha mama yake. Upande mmoja wa mdomo ulipanda. Wa kushoto ulibaki umelala, na jicho la upande huo halikufumba hata nzi alipotua kopeni.

Spesiosa alielewa: usaha haukukauka, ulikuwa umeingia ndani. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nywele nusu zimesimama, akakimbilia barabarani kusimamisha bodaboda.

"Hospitali, kaka," alimwambia dereva akipanda, kisha akamgeuzia mtoto uso: "Usilale, mama, unanisikia?"

Kichwa cha mtoto kilimwangukia begani, kizito.