Mwoga wa Kitanda cha Dirishani

Kengele ililia tena, na mke wa mwashi akasonya kwa nguvu ili wodi nzima isikie.

Aliyeibonyeza ni yule yule, bwana mnene wa kitanda cha dirishani. Tangu asubuhi hajatulia. Nesi akija humvuta karibu amnong'oneze, mara ashike bega, mara ashike tumbo, sura imemkunjamana kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mke wa mwashi alikuwa ameshampa jina: Kengele.

"Mwanaume mzima!" akamwambia mumewe, wala hakushusha sauti. "Ningekuwa mkewe ningejificha uvunguni."

Mumewe alilala kitanda cha jirani, uso kaugeuzia dirishani, akimkodolea macho Kengele. Mkewe akafurahi. Hata yeye anamdharau, akajisemea.

Na kwa nini asimdharau? Mwashi alikuwa mtu wa shoka. Nondo iliwahi kumtoboa unyayo, akaichomoa mwenyewe na kuendelea kupanga matofali. Mkewe alikisimulia kisa hicho kwa kila aliyetaka kusikiliza, na kwa wasiotaka pia. Juzi mwashi alikatwa kipande cha utumbo kilichooza, ncha zikaungwa, na mpaka leo hajasikika akiguna.

Daktari aliwaambia bila kuwaficha: pale palipoungwa panaweza kuvuja, na pakivuja, mtu anaweza kufa huku wenzake wanadhani amepumzika. Dalili huanza kidogo kidogo. Moyo kwenda mbio, homa, tumbo kukaza, hata bega kuuma. "Ukisikia lolote, sema hapo hapo. Tukiwahi, unapona." Mke wa mwashi aliitikia kwa kichwa tu. Aliona maneno hayo yanawahusu watu wa aina ya Kengele.

Nesi akamwacha Kengele, akaja kwa mwashi. Kila akitoka kule lazima apitie hapa, na hilo nalo lilimkera mke.

"Unajisikiaje, baba?"

"Sijambo," mwashi akasema, akimtupia mkewe jicho.

"Upepo wa tumboni umeshatoka?"

"Umetoka," mke akadakia. Maswali gani hayo ya kumwuliza mtu mzima! "Huyu mwache, dada. Kamshughulikie yule anayekufa kwa kuumwa na mbu."

Nesi akamshika mwashi mkono, akasikiliza mshipa, akakunja uso, akaondoka haraka. Hata kuaga hakuaga.

Kengele ikalia tena. Sasa mke wa mwashi uvumilivu ukamwisha. Akazunguka kitanda, akamsimamia yule bwana kichwani, mikono kiunoni.

"Wewe baba, huna haya? Mwenzio kakatwa utumbo kanyamaza, wewe unatusumbua na kibega chako! Jikaze, bwana!"

Kengele akafungua mdomo, akamtazama mwashi, akaufunga. Kisha akabonyeza tena, huku akimtazama yule mama machoni.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Daktari akaingia mbio, nyuma yake manesi wawili wakisukuma machela.

"Haya, wamekuja kukubembeleza," mke wa mwashi akacheka, akasogea kuwapisha.

Wakampita. Wakaenda moja kwa moja kwa mwashi, wakamfunua. Shuka lilikuwa chapachapa kwa jasho. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza kama ubao, na daktari alipoligusa tu mwashi akang'ata mto.

"Panavuja. Chumba cha upasuaji, sasa hivi!"

Machela ikapita mbele ya mke. Mwashi alikuwa amefumba macho. Mke akanyoosha mkono amshike mumewe, wakawa wameshafika mlangoni, akabaki ameshika chuma cha kitanda kitupu.

"Lakini hakusema kitu!" akalia. "Mungu wangu, hakusema kitu! Nani kawaambia?"

Yule bwana akakiachia kitufe cha kengele.

"Mimi hata kupasuliwa bado, shemeji," akasema. "Bega ni lake, tumbo ni lake. Alfajiri, kabla hujafika, aliniomba nilie mimi, ili wewe usije ukamdharau yeye."